Madaftari manne ya mama: shajara ya mradi

8 Juni 2024, Mikindani

Mradi huu umeletwa na mvua. Mwezi wa tano, siku zile za kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilipokatika kule Somanga, dada alinipigia simu usiku. Mimi nilikuwa Lindi, kazini. Hakusalimia. "Bati la chumbani kwa mama limeachia. Sanduku linaogelea."

Halikuwa linaogelea, dada yangu hukuza mambo, lakini upande mmoja ulikuwa umekunywa maji kweli. Mama alifariki Machi 2023. Baada ya arobaini vitu viligawiwa kama ilivyo desturi: kanga kwa mama wakubwa na wadogo, kinu kwa binamu, mbuzi ya nazi akabaki jikoni kwa dada. Sanduku lilibaki kwa sababu hakuna aliyelitaka. Kufuli bovu, na ndani tuliambiwa ni makaratasi.

Leo nimepanda kosta asubuhi, nimefika saa nne, nimelifungua. Kuna kauntabuku nne, mfuko wa plastiki wenye risiti na stakabadhi, cheti cha kisomo, kanga moja isiyo na pacha wake, na spoku ya baiskeli iliyofungwa kitambaa upande mmoja. Spoku hiyo niliijua kabla sijaishika. Ndiyo aliyogeuzia vitumbua miaka yote.

Dada alishataka kuyaanika madaftari juani. Nimemzuia. Nimeyasimamisha mezani yamefunguka kama feni, nikaweka karatasi nyeupe kila baada ya kurasa kumi, nikawasha pangaboi. Magazeti nimeyakataa, wino wake unahamia. Wino wa biro haukuchuja hata kidogo. Kilichovuja ni mhuri wa zambarau kwenye stakabadhi mbili za korosho, sasa zinafanana na mabibo yaliyokanyagwa.

Lengo, nililiandike mapema nisije nikalibadilisha njiani: kupiga picha kila ukurasa, kuandika yote upya kwenye kompyuta, na kuwapa ndugu nakala. Muda niliojipa ni miezi mitatu. (Dada amecheka.)

22 Juni

Madaftari yamekauka. La kwanza linaanza 2001, la nne linaishia 2014, mwaka aliopata shida ya macho akaacha biashara. Nimeweka namba kwa penseli, kwenye kona ya chini, kidogokidogo: kurasa 611. Sheria ya kwanza ya mradi ni hiyo: penseli tu, wala kalamu isiguse daftari la mama.

Picha napigia dirishani, kati ya saa tatu na saa tano, kabla jua halijawa kali. Chini natandika kitambaa cheusi. Flashi nimeizima kwa sababu inang'aa kwenye madoa ya mafuta, na madoa yako mengi. Zipo kurasa ambazo ukiziinua kwenye mwanga unaona upande wa pili, kama karatasi ya kufungia maandazi. Hizo nazipiga mara mbili.

Picha 140 hadi leo.

29 Juni

Nimeanza kuandika, na tatizo limejitokeza mstari wa kwanza. Mama hakusoma shule. Alijifunza kusoma kwenye kisomo, katika ile kampeni iliyopamba moto baada ya 1970 kutangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akiwa msichana anayekaribia kuolewa. Aliandika alivyosema. Kwa hiyo: "nchele kilo 4. nkaa 500. nafuta nusu lita." Hilo "nafuta" lilinisumbua mpaka dada akasema labda ni haraka tu, mkono ulikuwa bado unawaza "nkaa".

Kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno lake. Ukurasa mzima mwekundu. Jana nilianza kusahihisha, "mchele", "mkaa", nikafika ukurasa wa tisa nikaona nasoma orodha ya mtu nisiyemjua, karani fulani. Nimefuta zote tisa nikaanza upya. Tahajia inabaki yake. Nimezima ukaguzi wa maneno.

Alama zake nimezielewa karibu zote. "V" ni vitumbua. "Mv" ni mvua, maana yake siku hiyo hakutoka. Kiduara kidogo mbele ya jina ni kitumbua kimoja cha mkopo. Mtu akilipa, kiduara kinakatwa kwa mstari. Ipo alama moja, kama kiatu, inarudi kila mwezi kwa miaka miwili. Sijui. Dada hajui.

14 Julai

Leo nimefanya ujinga, nauandika mwenyewe kabla dada hajausimulia.

Ndani ya mfuko wa plastiki mlikuwa na risiti moja iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake mama ameandika kwa biro: "iliki. dawa ya presha. kumwambia dogo". Dogo ni mimi. Sijui alitaka kuniambia nini. Nilitaka kuitunza vizuri, nikaipeleka steshenari mjini Mtwara wailamineti. Kijana akaiingiza mashineni, ikatoka upande wa pili nyeusi. Nyeusi kabisa, kama kipande cha mkaa ndani ya plastiki. Risiti hizi za mashine hazichapwi kwa wino, karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayobadilika rangi ikipata joto. Ndiyo namna inavyochapwa, na mashine ya kulamineti nayo ni joto tupu. Kijana hakujua, mimi sikuuliza, na picha nilikuwa sijaipiga.

Maneno ya nyuma yamebaki, yanasomeka ukiinamisha. Mbele, lile duka, ile tarehe, kile alichonunua, basi tena.

Sheria ya pili: picha kwanza, mengine baadaye. Sheria ya tatu: hakuna kulamineti chochote. Risiti zilizobaki nimeziweka kwenye bahasha za karatasi, gizani, mbali na jiko. Hata zikikaa vizuri zitafifia, ndivyo zilivyo, kwa hiyo zimepigwa picha zote leo hii hii usiku.

21 Julai

Kanga. Sina mengi. Iliyobaki sandukuni imeandikwa SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Mama alizikwa na pacha wake, dada anasema ndiyo iliyofunikwa juu ya jeneza njiani. Nimetafuta neno "kanga" kwenye kurasa nilizokwisha kuandika, miaka mitano nzima, likatokea mara moja tu: Oktoba 2003, "kanga doti 1", imelipwa kwa mafungu matatu. Kurasa mbili mbele kuna "nauli dar". Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limefunguliwa Agosti mwaka huo, na nakumbuka alivyorudi akatusimulia daraja siku nne mfululizo. Dar yenyewe hakuizungumzia. Alisema tu ina watu wengi wasiosalimiana.

Nimeifua kwa maji ya baridi na sabuni ya mche kidogo, nimeianika kivulini, nimeiviringisha badala ya kuikunja, na majani makavu ya mwarobaini ndani. Basi.

3 Agosti

Kurasa 304 zimeandikwa. Hii ni ya daftari la tatu, na sijalala vizuri tangu juzi.

Ukurasa ni wa Septemba 2007. Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache kabla, kwa hiyo umejaa vitumbua, V 120, V 150, viduara vimebanana pembeni kama mayai ya samaki. Kwenye mkunjo kuna vumbi la njano, laini. Nikadhani ni ukungu. Nikanusa: salfa. Mama alikuwa anapulizia mikorosho ya shamba letu la upande wa Naliendele, anarudi nyumbani na unga ule mpaka kwenye nyusi, anakaa kuandika. Miaka 17 harufu iko palepale. Sijaifuta.

Halafu, katikati ya vitumbua, mstari huu:

"17/9 kangomba gunia 2. 48000. ya skuli dogo. asijue"

Kwa asiye wa kusini: kangomba ni kuuza korosho kwa mlango wa nyuma, mara nyingi ikiwa bado ua mtini, kwa mtu mwenye fedha mkononi ambaye bei anapanga yeye na bakuli la kupimia ni lake. Korosho zikikomaa anakuja kuchukua zake. Huo ndio mwaka stakabadhi ghalani ilipoanza Mtwara: unapeleka korosho ghalani, unapewa stakabadhi, unasubiri mnada, unalipwa kwa awamu. Mwenye shida leo hasubiri awamu.

Na mama alikuwa adui wa kangomba. Hili lazima nilieleze, maana bila hilo mstari ule si kitu. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, mwanamke muuza vitumbua, akawaambia wanaume waliokaa kwenye mabenchi: "Korosho ikiwa ua haijawa yako bado. Utauzaje kitu ambacho Mungu hajakupa?" Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka 13, nilijivuna wiki nzima.

Nimehesabu mara tatu. Gunia ni kilo 80, magunia mawili kilo 160, kwa hiyo aliuza kilo moja shilingi 300. Mahali pengine kwenye daftari hilohilo, korosho alizopeleka ghalani msimu ule zimelipwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Jambo jingine nililiona usiku wa jana, nikiwa nimeshazima taa. Septemba ndio mwezi tuliofanya mtihani wa darasa la saba. Matokeo yalitoka Desemba. Aliuza korosho kwa ajili ya shule yangu kabla hajajua kama nimefaulu.

10 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Mkubwa. Nilimsomea mstari. Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo, hakuacha.

"Sasa wewe ulidhani lile godoro lilidondoka mbinguni?"

Nikamwambia nilidhani ni hela ya vitumbua. Shule ilikuwa ya kutwa, ada shilingi 20,000 kwa mwaka, lakini ilikuwa mbali, ikabidi nipangiwe chumba na wenzangu wawili: godoro, sanduku, sare, jembe la shule, kodi. Nilikuwa sijawahi kuzijumlisha.

"Vitumbua vilikuwa vinalipa vitumbua," alisema. Kisha, baada ya kutupa mawe mawili nje ya ungo: "Yule aliyenunua ndiye aliyekaa benchi la mbele siku ile. Mama yako alimfuata usiku kwa mlango wa uani. Alirudi hapa kwangu, akakaa hapo ulipokaa, akasema, dada, leo nimekula matapishi yangu. Halafu akaomba uji."

Alikunywa?

"Bakuli mbili."

Nimeandika maneno haya kwenye safu ya tatu ya jedwali, ile ya maelezo, mkabala na 17/9. Nimefikiria kuuficha ukurasa huo kwenye nakala za ndugu. Aliandika "asijue", na sasa najua, na ndugu kumi na moja wakipewa nakala watajua. Mama Mkubwa anasema waliokuwa wakubwa wakati ule walijua wote, wewe tu ndiye ulikuwa hujui, na ndivyo alivyotaka. Basi unabaki.

24 Agosti

Jaribio la vitumbua. Daftari la pili, ukurasa wa 158, ndio ukurasa pekee alioandika vipimo, nadhani alikuwa anampa mtu: "nchele kibaba 3. nazi 4. skari nusu. hamira kjk 1. iliki."

Nililoweka mchele usiku, nikausaga asubuhi, nikakamua nazi kwa mbuzi yake mwenyewe, nikachanganya, nikafunika. Umuko haukuja. Kosa la kwanza nilijua mara moja: tui lilikuwa la moto, nimeipika hamira ikiwa hai. Nikarudia kwa tui vuguvugu. Safari hii unga ukaumuka vizuri, ukapanda mpaka ukasukuma kifuniko. Chuma kikapata moto, mafuta kijiko kwa kila tundu, nikamimina, nikasubiri vitundu vidogo juu, nikageuza kwa spoku. Spoku inafanya kazi ya ajabu, inaingia pembeni, unazungusha kiganja kidogo tu, kitumbua kinajigeuza chenyewe kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini. Rangi nzuri. Nikapeleka sahani kwa Mama Mkubwa.

Aliuma kimoja. "Hiki ni kitumbua au sifongo kavu?"

Ni kweli vilikuwa vikavu. Tukabishana yeye na dada: nazi haikukomaa, mchele mbaya, moto mwingi. Mwishoni dada akasema, kama mtu anayekumbuka jina la mtaa, "Kiporo je?" Kila usiku mama alibakiza wali, konzi moja au mbili, akausaga pamoja na mchele mbichi. Ndio uliokuwa unafanya vitumbua viwe laini. Nimelipitia daftari lote kutafuta kiporo. Hakimo. Nimekaa na jambo hilo jioni nzima mpaka likanijia: hili ni daftari la hesabu. Ameandika alichonunua. Kiporo hakununua.

Vivyo hivyo maji ya kisimani hayamo, kuni alizookota hazimo, saa kumi za usiku alizoamka hazimo. Miaka kumi na minne ya kuamka saa kumi, haina hata mstari.

Jaribio la pili, na konzi mbili za kiporo: vimeliwa vyote, hakuna aliyesema kitu. Kwa Mama Mkubwa huo ni ufaulu.

7 Septemba

Kazi ndogondogo. Sauti zake za WhatsApp nimezihamisha kutoka simu ya zamani, ziko 62, kila moja nimeipa tarehe. Nyingi zinaanza hivi: "Halo? Halo. Inarekodi hii? Dada yako anasema inarekodi." Ya mwisho ni sekunde tatu za kuku. Zote nimeziweka kwenye flashi mbili na kwenye akaunti ya mtandaoni, moja ya flashi iko kwa dada Mikindani na nyingine Lindi, maana mvua ikija haichagui nyumba moja.

Alama ya kiatu imefumbuka. Ni cherehani. Alikuwa analipa mafungu ya kushonewa sare zetu.

Kurasa 559.

14 Septemba

Keshokutwa Maulidi, nyumba imejaa. Nimemaliza kuandika daftari la nne jana saa sita usiku. 611 kati ya 611. Miezi mitatu na siku sita. Dada ameombwa aache kucheka.

Bibi wa nyumba ya pili alikuja asubuhi kusaidia kupembua mchele, akanikuta na daftari la tatu mezani nalinganisha picha. Akauliza ndilo lile? Nikasema ndilo. Hasomi, lakini aliijua sura yake. Alivuta kigoda.

"Nisomee mimi."

Nikajaribu kukwepa. Jina lake liko 2008, mstari mmoja, viduara kumi na vinne, na hakuna hata kimoja kilichokatwa. Nilishaviona tangu Agosti nikanyamaza. Akaniambia, baba, nasikia kimya chako. Nikamsomea.

Hakushtuka. Alisema mwaka ule mzee wake alikuwa kitandani, na mama yako alikuwa anapitisha vitumbua viwili viwili dirishani, hasemi kitu, anagonga mara moja. Alidhani ni sadaka. Nikamwambia pengine ilikuwa sadaka, mama alikuwa anaandika kila kitu. Akatikisa kichwa. "Angekuwa ametoa sadaka asingechora. Ni shilingi ngapi?"

Kitumbua kilikuwa shilingi 50. Mia saba.

Nikasema bibi, sisi watoto wake tumesamehe, dada naye akaitikia kutoka jikoni, tumesamehe. Alikuwa ameshafungua fundo la kanga. Akatoa noti ya elfu moja, imekunjika mpaka imekuwa kama kitambaa, akaiweka juu ya meza, si juu ya daftari. "Nyie mmesamehe chenu. Hiki ni cha kwake. Mimi sitaki kwenda kukutana naye huko ananiangalia." Kisha akanyoosha kiganja. "Chenji mia tatu."

Dada akaleta mia tatu. Bibi akazihesabu, akazifunga. Akaniambia kata.

Nikachukua penseli, nikakata kiduara cha kwanza, taratibu, mstari mwembamba, kama alivyokuwa anakata yeye. Bibi akanishika mkono.

"Hiyo inafutika, mwanangu. Leta kalamu."